Mwaka Tuliogawa Shamba kwa Kamba

Waliokuja kumzika Shangazi Kemunto waliangalia shamba kuliko walivyoangalia jeneza, na sidhani marehemu angewalaumu. Mchungaji alikuwa akihubiri, na wanaume waliokaa viti vya nyuma ya hema walikuwa wamegeuza shingo kutazama mteremko: chai juu, imekatwa sawa kama meza, chini ya chai migomba, chini ya migomba mahindi yaliyopandwa kukingama mteremko, na kila baada ya mistari kadhaa ukingo wa nyasi za nepia, halafu kule chini kabisa, kando ya kijito, nduma zenye majani mapana. Mashamba ya jirani, kulia na kushoto, yamekatwa vipande vinavyoteremka sambamba kutoka barabarani mpaka majini, vingine vyembamba hata mtu akijilaza kwa upana miguu yake iko kwa ndugu yake. Mzee mmoja aliyeketi kando yangu, nisiyemjua, alininong'oneza, "Huyu mama alifanya nini hawa vijana wakakubali?" Nikamwambia hawakukubali wote. Akanigeukia kwa macho ya kutaka zaidi, lakini wimbo ukaanza, na baada ya wimbo alipotea kwenye umati. Namwandikia sasa, popote alipo, maana mtu anayeuliza swali zuri msibani hafai kurudi nyumbani bila jibu.

Mwaka tuliogawa shamba nilikuwa nimemaliza sekondari na ninasubiri kuitwa chuo. Habari za ukoo nitaziruka, kwa sababu Mgusii akianza kukueleza nani alimzaa nani, uji unapoa na mgeni anakosa gari la kurudi. Itoshe kusema Kemunto alikuwa dada ya baba yangu, ameolewa juu ya mgongo wa kilima upande wa Magwagwa, na mumewe alikuwa amefariki msimu uliotangulia. Nilitumwa nikamsaidie kuchuma chai. Nililala katika chumba cha akiba kilichopakana na jiko, kati yetu ukuta wa udongo ulioanza kupasuka, na kupitia nyufa hizo nilisikia kila neno lililosemwa motoni. Nilikuwa mdadisi, sikatai. Shangazi alikuwa akisema nikipewa nyumba isiyo na dirisha nitatoboa. Jiko lile nalikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyoishi baadaye: paa la nyasi limekuwa jeusi kwa moshi, mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya moto ili wadudu wasiyaguse, kibuyu cha maziwa ya kuganda kimeegemea ukuta, na ugali wa wimbi, mwekundu na mzito, ambao ukiula asubuhi mchana unakukuta bado umeshiba. Chai haikupikwa humo. Shangazi alikuwa Msabato wa kweli; alichuma chai maisha yake yote na hakuwahi kuinywa. Tulikunywa uji, na mgeni aliyezoea chai naye alikunywa uji, na akishukuru zaidi aliongezwa.

Wanawe walikuwa watatu, wote hawajaoa, kila mmoja na kijumba chake cha kijana, kile tunachokiita esaiga. Nyamweya wa katikati alikuwa mtu wa tahadhari, hamwagi maji kabla ya kuangalia yanakwenda wapi. Ombati, kitinda mimba, alikuwa mcheshi na mvivu kwa kiasi cha kupendeza. Mogaka, kifungua mimba, alikuwa na mabega mapana na maneno machache, na alifanya kazi ya watu wawili bila kuguna. Nilimpenda kuliko wote. Alikuwa amechumbia msichana wa Suneka aitwaye Bosibori, na mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo, maana kwetu mwanamume akitaka kuoa, watu wa msichana huuliza swali moja kwa njia nyingi: huyu ana kwake?

Kujibu swali hilo, Mzee Ondari, ndugu ya marehemu, alikuja mchana mmoja kugawa shamba. Alikuja na wazee wenzake na gunia bichi lililofungiwa miche ya mpaka. Kwetu shamba hukatwa kwa urefu. Kila mtoto wa kiume apate kichwa barabarani na miguu mtoni: juu ajenge, atokee njiani, chini anyweshe ng'ombe. Ni haki kabisa ukiisikia ikielezwa, hakuna anayepewa jiwe na mwenzake akapewa bonde. Na miche ikishapandwa mbele ya wazee haing'olewi. Anayeing'oa anajitafutia laana, na hata asiyeamini laana anaamini panga la jirani. Kwa hiyo mchana ule ulikuwa mzito. Miche ikiingia ardhini, basi, ndiyo milele.

Shangazi aliwaandalia ndizi za kupika na mboga za managu, akangoja wale. Mimi nilikuwa nabeba maji ya kunawa, kazi niliyoipenda kwa sababu mbeba maji haulizwi anatafuta nini. Walizungumza Ekegusii, bila shaka. Nayaandika kwa Kiswahili kama tunavyokisema tukiwa mjini.

"Mama Mogaka," Mzee Ondari alisema akijipangusa mikono, "vijana wamekomaa. Tupande leo tumalize hii maneno."

"Shemeji, ukienda soko kununua ng'ombe, si unakamua kwanza uone?"

"Nakamua."

"Basi hii shamba pia wacha tukamue kwanza. Tuweke kamba. Mwaka mmoja kila mtu alime yake, kama ni yake kabisa. Mwaka ukiisha na watoto wameshiba, kuja upande hiyo miti yako. Mimi mwenyewe nitachota maji ya kumwagilia."

"Na wasiposhiba?"

"Tutaulizana."

Wazee walicheka, na mzee mwenye tumbo lililojaa ndizi si rahisi akatae. Miche ikaachwa nyuma ya jiko, kwenye kivuli, ikafunikiwa mizizi kwa udongo. Aliyekosa kucheka alikuwa Mogaka. Jioni ile, kupitia ukuta, nilimsikia akimwambia mamake, bila hasira, "Mama, watu wa Bosibori wakikuja kuona boma, nitawaonyesha nini? Kamba?"

"Utawaonyesha mahindi."

"Mahindi hata kibarua anapanda. Mwanaume anaulizwa mpaka yake iko wapi."

Nilimsikia Shangazi akichochea moto tu, na nikakaa kitandani nikijiuliza nani kati yao yuko sawa. Naona wote wawili walikuwa sawa, na ndiyo maana mwaka ule ulikuwa mgumu.

Kamba za katani zilivutwa kesho yake, kutoka barabarani mpaka kijitoni, mbili, na shamba moja likawa matatu. Hapo ndipo udadisi wangu ulipopata kazi. Shamba ambalo nililiona kubwa jana yake leo lilikuwa na upana wa kichochoro. Nyumba ya Shangazi ikaangukia katikati, kwa Nyamweya, pamoja na zizi la ng'ombe. Kamba ya pili ilipita kwenye kona ya jiko, hata moto ukawa kwa Nyamweya na kuni zikawa kwa Ombati. "Mama," Ombati akaita, "hizo kuni zangu unachukua kwa ruhusa ya nani?" Akarushiwa gunzi la mahindi. Tulicheka sana siku ile. Lakini wiki haijaisha tuligundua kwamba ng'ombe wote wanalala kwa Nyamweya, na kwa hiyo mbolea yote iko kwa Nyamweya, naye akaanza kuitazama rundo kwa rundo kama mtu aliyerithi. Mogaka hakuomba. Ombati, ambaye maisha yake yote alikuwa hajaamka kabla ya jua, tukamkuta alfajiri akiteremka na karai la samadi kichwani, ananyata.

Halafu plau. Fahali wawili waliofungwa plau wanahitaji nafasi ya kugeukia, na kwenye kichochoro cha Mogaka, akilima kukingama mteremko, kabla hajamaliza pumzi moja fahali wako juu ya maharagwe ya Nyamweya. Mara ya kwanza Nyamweya alinyamaza. Mara ya pili alisema, "Kaka, hizo ni zangu." Hakusema kwa ubaya, lakini neno zangu lilikuwa jipya katika boma lile, na wote tulilisikia. Tangu siku hiyo Mogaka akageuza fahali, akalima kufuata mteremko, kutoka juu mpaka chini, mistari mirefu iliyonyooka inayoelekea mtoni. Ilipendeza kuitazama. Waliopita barabarani walisimama kumsifu, wakamwita jina la sifa la ukoo wao, naye akainua mkono. Alipanda mahindi peke yake, akapalilia peke yake, na mahindi yake yalikuwa ya kijani kibichi kuliko ya nduguze. Mtu yeyote angesema mwana huyu ameshinda.

Siku za Sabato hatukugusa jembe. Ijumaa kabla jua halijatua chakula kilikuwa kimepikwa, maji yamechotwa, nguo zimekunjwa. Jumamosi tulikwenda kanisani, tukala chakula cha jana, halafu Shangazi akavaa viatu vyake vya kanisani na kuniambia, "Moraa, twende tuone." Kuona hakukatazwi. Tulizunguka shamba lote, kutoka barabarani mpaka mtoni, taratibu, na hakuniruhusu kung'oa hata jani moja la gugu. Nilipoinama akanipiga mkono. "Leo mkono unapumzika. Leo ni zamu ya macho." Siku sita, alisema, mkulima anafanya kazi nyingi hata haoni anachofanya. Aliniuliza unaona nini, nikisema mahindi aliniuliza tena, mpaka nikaanza kuona kweli: kwamba mgomba ulio karibu na shimo la majivu una watoto wengi mno na lazima wapunguzwe, kwamba majani ya chini ya mahindi kwa Ombati yameanza njano pale samadi ya alfajiri haikufika, kwamba nepia iliyokatwa chini sana haichipui haraka kama iliyoachiwa kisiki. Jumapili asubuhi, kabla ya uji, tayari alikuwa anajua kazi ya wiki nzima. Nimeishi na watu waliosomea kilimo na waliosomea biashara, na sijaona hata mmoja mwenye siku ya kuangalia tu. Hata mimi siku hizi, kwenye kipande changu cha Keumbu, najikuta nashika jembe kabla ya kuangalia, halafu najuta.

Katika matembezi hayo tulipofika kwa Mogaka, Shangazi hakuniuliza naona nini. Alisimama kwenye kichwa cha ile mistari iliyonyooka, akaitazama mpaka chini, akatazama mawingu. Nikamwuliza anaona nini. "Naona barabara," akasema. Sikuelewa, na nikaona ni maneno ya mama mgumu asiyetaka kumsifu mwanawe. Nilikasirika kwa niaba ya Mogaka.

Mvua kubwa ilikuja mchana, sisi tukiwa tunachambua maharagwe jikoni. Mvua ya kwetu haikupi hodi. Iligonga paa, kisha ukawa mngurumo mmoja, hata tukaacha kuzungumza. Ilipopungua tulitoka, na nikaelewa ile barabara. Maji yalikuwa yamefuata njia yaliyochimbiwa. Kila mstari wa Mogaka ulikuwa kijito chekundu kinachokimbia, na ndani yake yalipita mahindi na mizizi yake, yakisimama kidogo, yakilala, yakienda. Udongo wa juu, ule mweusi ambao marehemu baba yao aliulisha samadi miaka yote, uliondoka mbele ya macho yetu, ukaingia mtoni, na mto ukaupeleka kwa watu wasioujua. Mogaka alikuwa katikati ya shamba na jembe, anajaribu kukata mfereji wa kukingama. Alikata mpaka akafika kwenye kamba, akasimama, maana kuendelea ni kuyaelekeza maji kwenye mahindi ya ndugu yake. Alisimama pale na jembe hewani. Nyamweya alikuwa upande wa pili wa kamba, umbali wa kushikana mikono, naye hakusema pita, na hakusema usipite. Nimemsamehe Nyamweya, lakini picha ile ya kaka wawili na kamba katikati sijaisahau.

Mogaka alirudisha jembe begani, akapanda mpaka jikoni, akaketi. Shangazi alimpa uji. Hakuna aliyesema nilikwambia, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Nilimwuliza Shangazi baadaye, tukiwa wawili, kwa nini aliona barabara akanyamaza. Akasema, "Ningesema, angeng'oa kamba kwa sababu ya mama. Nilitaka ang'oe kwa sababu ya shamba." Nikamwambia ni ukatili. Akasema, "Ndiyo, ni ukatili," na akaendelea kuchambua maharagwe, lakini maharagwe mabovu aliyaweka pamoja na mazuri.

Katikati ya mwaka watu wa Suneka walikuja kuona boma. Tulisafisha uwanja, tukapaka kuta udongo mpya, tukaweka vitambaa vya kufuma juu ya viti. Walikuja baba yake Bosibori, shangazi zake wawili, na Bosibori mwenyewe, msichana mrefu mwenye utulivu, ambaye alipoingia jikoni kusaidia aliniuliza mambo mengi hata nikaona nimepata mwenzangu. Walikula wakashiba. Baada ya kula, baba yake akatoka na Mogaka kuona shamba, na mimi, mbeba maji, nikafuata nikiwa sina maji yoyote.

"Yako ndiyo gani, kijana?"

"Kutoka hii kamba mpaka ile."

Mzee akaigusa kamba kwa kidole, ikatikisika. Ilikuwa imeanza kuoza kwa mvua. "Na hapa maji ilipita?"

"Ilipita, Mzee."

"Hii kamba nayo, mbuzi akila?"

Alisema kwa utani, na wakwe wana haki ya utani, lakini niliona Mogaka akiishika kamba isitikisike. Waliondoka kwa amani, hawakukataa wala hawakukubali. Kwa sauti ya chini pale jikoni, shangazi mmoja wa Bosibori alikuwa amemwambia mwenzake kwamba kijana ni mzuri lakini anakaa kama mpangaji. Ukuta ulikuwa na nyufa pande zote, na Mogaka alikuwa nje akifunga ndama.

Mwaka ulipoisha Mzee Ondari alirudi. Safari hii hapakuwa na kicheko. Shangazi aliweka mezani mavuno ya wote watatu, mafungu matatu ya mahindi, na kwa kweli hayakuhitaji hotuba. La Mogaka lilikuwa dogo kuliko yote, na yeye ndiye aliyefanya kazi kuliko wote. Halafu Shangazi akasimama, jambo ambalo kwetu mjane halifanyi mbele ya wazee, na akasema alichokuwa amekifikiria kila Jumamosi ya mwaka ule.

"Hii shamba ni ng'ombe mmoja. Mkikata vipande tatu hamna ng'ombe tatu, mna nyama, na nyama inaisha. Mimi nasema isikatwe. Nyamweya aangalie chai, juu yote, kutoka upande moja mpaka ingine. Ombati achunge ng'ombe na nepia, si anapenda samadi? Mogaka ashike mahindi na ndizi, hiyo ndiyo kubwa, alime akikata mlima vile anataka, hakuna wa kumwambia ageuze fahali. Kinachotoka kinaliwa na wote. Na nyumba mjenge juu barabarani, mfuatane."

Mzee Ondari aliwageukia vijana mmoja mmoja. Nyamweya alisema sawa. Ombati alisema sawa, lakini samadi ni jina baya la kuanzia maisha. Mogaka alikuwa wa mwisho.

"Mama," alisema, "mvua nimeiona. Sina ubishi na wewe juu ya mvua. Lakini mtu mwenye kazi na hana mpaka ni mfanyakazi. Baba alikuwa na yake. Babu alikuwa na yake. Mimi nimefanya nini?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta miaka yote hii, sijalipata. Yaya, yaani hapana, alisema Mzee Ondari akitikisa kichwa, sitapanda mche mama akiwa hajakubali. Yakaishia hapo. Shamba likabaki moja. Kabla mvua mpya haijaanza, Mogaka alikuwa amekwenda kukodi shamba upande wa Kilgoris, mbali, kwenye ardhi tambarare, na Bosibori akamfuata huko. Siku anaondoka Shangazi alimfungia ndizi na mbegu za mahindi zilizokuwa juu ya moto. Alichukua. Alimpa mkono mamake, kama anavyopewa mgeni, akaenda. Shangazi aliingia shambani akafanya kazi mpaka jua likazama, ingawa ilikuwa Ijumaa.

Mimi niliitwa chuo na maisha yakanichukua. Niliporudi kutembea nilikuta ndugu zake Mogaka wamejenga juu barabarani, kilichopandwa kinakua, watoto wameshiba, na ng'ombe ana mahali pa kugeuka. Majirani walikuja kuuliza wamefanyaje, wakaenda, wakakata ya kwao kwa urefu, maana kuelewa ni rahisi kuliko kumwambia mwanao. Nawaelewa. Wanangu pia wameanza kuuliza, na bado sijawajibu. Mogaka naye alikuja mara chache, kwenye harusi au msiba. Alikula, akasalimia, akarudi jioni hiyo hiyo. Shangazi hakuwahi kumtaja mbele yangu, nami, kwa mara moja maishani, niliogopa kuuliza.

Tulipokwisha kumzika, watu wakielekea kwenye chakula, miguu yangu ilinipeleka kuangalia shamba kama alivyonifundisha, mikono nyuma. Na nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa sababu ya wingi wa watu. Kule juu barabarani, kati ya nyumba ya Nyamweya na ya Ombati, palikuwa na uwanja wa nyasi tupu. Katika shamba ambalo hata ukingo wa choo una maboga, palikuwa na kipande kizima kisicho na hata mmea mmoja wa maharagwe, nyasi zimefyekwa vizuri, kingo zimenyooka. Nikamwita Nyamweya, mzee sasa, mwenye fimbo. Nikamwuliza hapa vipi, ni pa kufungia ndama?

"Watu wote hudhani hivyo," akasema. "Hapo ni kwa Mogaka. Kila msimu nilimwomba mama nipande hata maharagwe tu, nikamwambia ni hasara. Alikataa. Alifyeka mwenyewe mpaka mwaka jana. Alisema tukipanda, siku mwenyewe anafika atakuta kuna mazao ya mtu, ataona haya kung'oa, atarudi tena."

Sikujua Mogaka alikuwa nyuma yetu. Alikuwa na mvi tupu, koti jeusi, viatu vyenye udongo wa kaburini. Alitazama nyasi zile.

"Alisema lini?"

"Ule mwaka wewe ulienda. Hakuacha kusema."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

Nyamweya akamwonyesha kwa fimbo, kona hii mpaka kona ile. Mogaka alivua koti, akalitandika kwenye nyasi, akaketi, mzee mzima, akaweka viganja vyake viwili juu ya ardhi pande zote mbili za mwili wake, na mabega yale mapana yakaanza kutikisika. Sisi tukaondoka polepole. Chini kwenye mahema walikuwa wameanza kugawa sahani na mtu akauliza kifungua mimba yuko wapi, mbona hajala. Bosibori akainuka kwenda kumwita. Alipanda hatua chache, akamwona, akasimama, kisha akarudi.

"Mwacheni," akasema. "Yuko kwake."

Tukamfunikia chakula.